Punje ya Shahidi

Wifi yangu anafanya kazi ya kuangalia gesi ikiingia ndani ya jiwe. Ukimuuliza mtu yeyote wa nyumbani kwetu atakujibu hivyo hivyo, halafu atacheka kidogo, kwa sababu haisikiki kama kazi. Siku kaka yangu alipomleta kwa mara ya kwanza, baba alimuuliza kwa heshima zote, "Na jiwe lenyewe, mama, linajua kwamba gesi inaingia?" Wifi akafikiri kweli kweli, maana ni mtu anayefikiri hata kabla ya kuitikia salamu, akasema, "Linajua, baba. Linavimba kidogo." Baba akampenda kuanzia hapo.

Mawe hayo huitwa zeolaiti. Ukiyaona kwenye kichupa utadhani ni chumvi laini. Lakini kila punje ni fuwele, na ndani ya fuwele mna vyumba na vijia vyembamba kupita kiasi, vyembamba hata molekuli moja ya gesi inapita kwa kujibana. Molekuli nyingine zinaingia na kukaa, nyingine zinapita tu, nyingine hazifiki hata kizingitini. Wifi huchukua punje moja, huifungia kwenye kijumba cha chuma chenye kidirisha cha kioo, hukiweka kijumba chini ya hadubini na kufungulia gesi. Gesi haionekani. Kinachoonekana ni mistari ya mwanga inayopita ndani ya fuwele: gesi inapoingia, mistari inapinda, kwanza pembeni, halafu taratibu kuelekea katikati, jinsi kivuli kinavyosogea sakafuni bila kukiona kikisogea. Yeye hukaa hapo asubuhi nzima akifuatilia. Kazini wamemwita Mama Punje.

Aliwahi kuniambia kwamba kitu alichojifunza kwa muda wote huo ni kimoja tu. Watu hudhani gesi huchelewa ndani, kwenye vijia. "Mara nyingi inachelewa mlangoni," alisema. "Ndani kweupe, vyumba vitupu, lakini uso wa fuwele umebanwa. Zinajazana nje, wifi, na mimi nazitazama."

Nilimuuliza huwa anafanya nini zinapojazana nje.

"Naandika kwamba zimejazana nje."

Sasa niseme habari za baba. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti ya nusu ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake, na moshi wa mageti yote hayo umo kifuani mwake. Mapafu yake yalichoka kabla yake. Mwanzo alishindwa kupanda ngazi, baadaye akashindwa kufunga kamba za viatu, na mwishowe daktari akasema aishi na mashine ya oksijeni. Baba aliipokea habari hiyo kwa mzaha, kama alivyopokea kila kitu. "Miaka yote nimechoma oksijeni kama sina akili nzuri," alisema. "Sasa imenisusia, mpaka niibembeleze."

Mashine ilikaa kando ya kitanda chake, nyeupe, kimo cha kiti, ikipumua kuliko yeye: fshh, tuk, fshh, tuk. Wifi ndiye aliyetueleza kilichomo. Mashine haitengenezi oksijeni, inavuta hewa hii hii ya chumbani na kuisukuma ndani ya mitungi miwili midogo iliyojazwa punje za zeolaiti. Zeolaiti inaikamata nitrojeni, oksijeni inaponyoka na kwenda puani kwa mgonjwa. Mtungi mmoja ukishiba, unatapika nitrojeni yake nje huku mwingine ukifanya kazi. Fshh, tuk.

Baba alifurahi mno kusikia hivyo. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Napumua kwa mawe ya mkwe wangu." Wifi alikuwa akiinamisha kichwa na kusema si mawe yake, fuwele zake ni kubwa zaidi, haya ya mashine ni ya kiwandani. Baba hakujali. "Ukoo ni mmoja," alisema.

Mvua zilipokolea, chumba cha baba kilianza kutoa jasho ukutani. Asubuhi moja taa ya kijani kwenye mashine ilizimika na ya njano ikawaka.

Fundi wa mashine za hospitali alikuja siku hiyo hiyo, kijana mpole mwenye begi kubwa. Alipima, akafungua kifuniko cha nyuma, akakuta bomba moja limelegea. Alilikaza lakini taa haikubadilika. "Bomba limekuwa likivuta unyevu muda mrefu," alituambia. "Mawe yamekunywa maji. Nitrojeni haina pa kukaa, inayapita na kumfikia mzee. Mitungi hii haitengenezwi, inabadilishwa."

"Ibadilishe basi," alisema kaka.

"Imeagizwa. Iko njiani."

"Njiani wapi?"

Fundi aliinua mabega. Njiani ni mahali pakubwa.

Kwa huruma yake alitufanyia mpango tukaazimwa mtungi mmoja wa oksijeni wa hospitalini, kwa sharti kwamba mashine ikipona tu tuurudishe, kwa sababu wodini kuna wanaousubiri. Mtungi ulisimamishwa kando ya kitanda, mrefu, na geji yake kichwani. Baba aliutazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujanani. Alijua kusoma geji kuliko sisi sote. "Huyu ni wa siku chache tu," alisema. "Msimzoee."

Jioni tulikuwa sote chumbani mwake tukinywa chai. Jirani yetu mshona nguo alikuwa amekuja kumjulia hali. Ndiye aliyeanza, tena bila ubaya wowote.

"Kwani huyu mkweo si ndiye msomi wa mawe haya? Au ndiyo yale ya mganga hajigangi?"

Wifi alikoroga chai yake. Kaka ndiye aliyeweka kikombe chini.

"Kwani ninyi kule maabara hamyakaushi?"

"Tunayakausha," wifi alisema polepole. "Kabla ya kila kipimo. Tunayatia kwenye tanuri, pampu inavuta hewa, joto linapanda kidogo kidogo mpaka maji yote yatoke."

"Na yakishakauka yanarudi kama mwanzo?"

"Yanarudi."

"Sasa tunangoja nini?"

"Mimi nakausha punje moja, baba watoto."

"Basi kausha nyingi!"

Alisema kama mtu anayesema ongeza sukari. Wifi alitazama mikono yake. Najua alichokuwa akifikiria, kwa sababu alikuja kunieleza baadaye: kwamba kilo mbili si punje moja iliyozidishwa tu, kwamba hakuwahi kuifanya kazi hiyo, kwamba hakuna mtu pale chumbani ambaye angemwelewa. Wao walimwona mtaalamu wa zeolaiti, wakati yeye ni mtaalamu wa kuitazama.

Baba ndiye aliyekata shauri. "Mwacheni mwenzenu apumue, angalau yeye anaweza," alisema, na jirani akacheka. Kisha akamgeukia wifi na kuongea vipande vipande, jinsi pumzi ilivyomruhusu. "Mkwe wangu. Mfa maji haachi kutapatapa. Ukijaribu ukashindwa, umeshindwa pamoja na mimi. Si peke yako."

Wifi alisema, "Sawa, baba."

Waliifungua mashine juu ya meza ya chakula. Baba aliletwa kwenye kiti na mtungi wake ili asimamie, na alisimamia kweli: kaza hapa, legeza pale, usilazimishe uzi wa parafujo, bisibisi si nyundo. Vifuniko vya mitungi midogo vilipotoka, wifi alimimina punje kwenye sufuria safi. Zilikuwa kama shanga zisizo na tundu, rangi ya mchanga, kila moja ni vumbi la fuwele ndogo lililogandishwa pamoja. Baba aliomba moja. Akaiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu.

"Yaani ni haka?"

"Ndiyo haka, baba."

"Kadogo hivi, na kananiweka mjini."

Maabara ya wifi ni chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe na harufu ya spiriti. Huko anashirikiana na mwenzake mmoja ambaye wamempa jina la Kelele kwa sababu hasemi. Kelele alilitazama bakuli la chuma lililojaa shanga, akalitazama tanuri, akasema, "Nyingi."

"Najua."

"Pampu?"

"Itaweza."

Kelele alikuna shingo. "Weka shahidi," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Shahidi ni desturi ya chumba chao. Wakikausha kitu wasichokiamini, huzika ndani yake fuwele moja kubwa iliyo nzima, ndani ya kikapu kidogo cha waya. Chochote kitakachozipata nyingine kitaipata na hiyo, na kwa kuwa ni kubwa, unaweza kuiweka chini ya hadubini baadaye na kuiuliza yaliyotokea. Shahidi hasemi uongo. Wifi alichagua fuwele nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, moja aliyoikuza mwenyewe na kuipima mara nyingi hata akaijua kama mtu anavyoujua mlango wa kwao. Akaizika katikati ya bakuli. Akafunga tanuri, akawasha pampu, akaweka joto lipande kwa utaratibu wake ule ule wa siku zote.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu asiyejua kitu. Asiyejua angeogopa, angezitandaza kwenye sinia, angezikausha chache chache. Wifi alikuwa na utaratibu ambao haujawahi kumwangusha. Ila utaratibu ule ulitengenezwa kwa ajili ya punje moja, na pampu ile ilizoea kuvuta maji ya punje moja, ambayo hata chozi hayafiki. Sasa kilo mbili za mawe yaliyokunywa masika yote zilianza kutoa mvuke kwa pamoja.

Asubuhi alikuta sauti ya pampu imebadilika, imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Kioo cha mlango wa tanuri kilikuwa na ukungu. Alikifuta kwa kidole gumba, akakifuta tena kwa kona ya koti, kabla ya kugundua kwamba ukungu uko upande wa ndani. Joto lilishapanda hadi juu. Akizima, mawe yatapoa yakiwa ndani ya mvuke na kuyanywa maji yote upya. Akiacha, yataendelea kuchemka kwenye mvuke wao wenyewe. Alisimama mbele ya tanuri mikono mfukoni. Kelele anasema alisimama hapo mpaka chai yake ikaota utando.

Aliliacha liendelee. Mchana ukungu ulipotea, pampu ikapata nafuu, na kila kitu kikaonekana sawa. Ndipo kaka akapiga simu.

"Geji imeshuka sana. Baba anasema leo haifiki usiku. Vipi huko?"

"Zimekauka," alisema wifi, na haukuwa uongo.

Alizihamishia kwenye chupa kubwa, akaifunga kifuniko kabla hewa haijaingia, akavaa mkoba. Kelele alimwonyesha kikapu cha waya kilichobaki juu ya meza.

"Shahidi?"

"Kesho. Wananisubiri."

Sitausahau ule mchana. Walijaza mitungi, wakakaza vifuniko, baba akitoa amri kitandani. Kaka akabonyeza swichi. Fshh, tuk. Taa nyekundu, maana huanza na nyekundu. Fshh, tuk. Njano. Kisha kijani, kijani cha kung'aa kama jani lililooshwa.

Jirani alipiga makofi. Kaka alimkumbatia mkewe mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Baba alivishwa mpira wa mashine, akatulia, akavuta pumzi, na baada ya muda akasema sentensi nzima bila kusimama katikati: "Niliwaambia ninyi kwamba huyu mtoto ana akili kuliko mume wake, mkakataa." Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Wifi naye alicheka. Kabla jua halijazama kaka alipakia ule mtungi na kuurudisha hospitalini, kama tulivyoahidi. Mtu wa wodini aliupokea kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi wifi alimweka shahidi chini ya hadubini.

Aliniambia hakuwa na wasiwasi mkubwa. Taa ilikuwa kijani alipoondoka nyumbani. Alifunga kidirisha, akarekebisha mwanga, mistari ikatokea imenyooka juu ya fuwele, kama siku zote kabla ya gesi. Akafungulia gesi. Alijua mahali mistari itakapoanza kupinda, kwenye ile kona ya kushoto, alikuwa ameiona mara nyingi.

Mistari haikupinda.

Alingoja. Akaongeza gesi. Pembeni kabisa palisogea kidogo, upana wa unywele, pakakwama. Katikati palibaki kama palivyokuwa. Akaongeza tena. Fuwele ilikuwa na umbo lake, kona zake, uso wake unaong'aa. Ukiitazama kwa nje hungeona kasoro. Lakini vyumba vya ndani vilikuwa vimeporomoka. Mvuke na moto vilikuwa vimezivunja kuta na kuacha ganda. Hapakuwa tena na mlango wa kubanwa, kwa sababu hapakuwa na nyumba.

Na kama shahidi alikuwa hivyo, zilizomzunguka zilikuwa hivyo. Zilizonusurika ni zile za juu juu, chache, nazo sasa zilikuwa zikibeba mzigo wa zote kwenye chumba kinachotoa jasho. Zingelowa upesi. Wifi hakuhitaji kufanya hesabu ila aliifanya, kwa sababu ndicho anachojua. Kisha akampigia kaka.

"Usiurudishe mtungi."

"Mtungi? Si niliurudisha jana, mbele yako?"

"Nenda kauombe."

"Kwani taa imekuwaje? Mimi niko nayo hapa, ni kijani."

"Nenda tu kauombe, nakuomba."

Alipofika nyumbani taa ilikuwa bado kijani. Baba alikuwa amekaa, amenyoa ndevu, anamsimulia jirani jinsi alivyowahi kuchomelea geti akalifungia na yeye mwenyewe ndani. Wifi alisimama mlangoni na mkoba wake. Baba alimtazama, hadithi ikaishia njiani.

"Jirani," alisema, "nenda kaangalie cherehani yako, nasikia inakuita." Jirani alielewa, akatoka.

Wifi alimweleza yote, akiwa amesimama. Alimweleza kuhusu shahidi, pampu, ukungu ambao ulikuwa ndani. Mimi nilikuwa nakunja nguo pembeni, na mikono yangu ilisimama. Baba alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi.

"Kwa hiyo zimejipika kwa mvuke wao wenyewe," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na zikishaporomoka, hakuna namna ya kuzisimamisha."

"Hakuna."

"Hata ukizikuza upya?"

"Hizo zinakuwa nyingine, baba. Na za kiwandani siwezi. Mimi ninakuza punje, punje moja moja."

Baba alitikisa kichwa taratibu. Halafu, kwa sababu hawezi kujizuia, akasema, "Basi umenipikia vizuri, mkwe. Tatizo ni kwamba ziliiva." Wifi alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, na kulia bila sauti. Baba alinyoosha mkono, haukumfikia, akauacha umening'inia kitandani.

Taa ya njano iliwaka tukiwa hivyo. Hakuna aliyeigeukia.

Kaka alirudi jioni na mtungi, ila si ule wetu. Ule ulikuwa na mtu wake tayari. Huu ulikuwa umetumika, amepewa kwa sababu muuguzi alimkumbuka. Wodi zimejaa, alisema, hata kitanda cha koridoni hakuna, wamesema kukipatikana watapiga. Akampigia fundi wa mashine mbele yetu, akaweka simu kwa sauti ili sote tusikie. "Iko njiani," fundi alisema. "Nawaulizia kila siku, kaka. Iko njiani." Kaka akachukua funguo, akatoka tena kwenda kuulizia mtungi mwingine mahali pengine. Hakusema wapi. Nadhani hakujua.

Tukabaki watatu. Wifi alivuta kiti akakaa kati ya kitanda na mtungi, akiupa mtungi mgongo. Alikaa wima, mabega wazi, kama mtu anayeziba dirisha lisiingize upepo. Ile mashine tulikuwa tumeizima, na bila fshh na tuk yake chumba kilikuwa na utulivu usiozoeleka, na ndani ya utulivu huo pumzi ya baba ilisikika yote, kila kipande chake.

"Mkwe," alisema baba.

"Naam, baba."

"Sogea kidogo."

"Kuna nini, baba? Nikupe maji?"

"Umeniziba. Sioni geji."

"Iko sawa tu, baba. Pumzika."

"Mama." Alivuta pumzi, akaisubiri, akaendelea. "Hadubini ni yako. Sikuingilii. Geji ni yangu."

Wifi alikaa muda bila kusogea. Kisha aliinuka, akaushika mtungi kwa mikono miwili kwa shingo yake ya chuma, akauzungusha polepole mpaka uso wa geji ukamwelekea baba. Akalegeza kidogo mpira uliojikunja kwenye mto. Akarudi kukaa, safari hii upande wa pili, ambako na yeye aliweza kuiona.

Wakaitazama pamoja, fundi na msomi, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake inasema nini. Mshale hauonekani ukisogea. Lakini unasogea, na wao wawili walijua kuutazama.